Upande wa Pili wa Santuri

Habari ya kifo chake nilipewa sokoni, nimeshika samaki changu mkononi, katikati ya kupatana bei. "Jirani yako wa mtaani Malindi kafariki alfajiri," muuza samaki akaniambia. Nikasema Inna lillahi, kisha, nasikitika kuwaambieni, nikamaliza kupatana. Kichwa kilikuwa kama kimefunikwa blanketi. Matangani nilihesabu viatu vya watu mlangoni, nikavihesabu tena, na hata sasa ukiniuliza vilikuwa vingapi, sijui.

Wasomaji wa mjini mnamkumbuka: ndiye aliyekuwa akitoa santuri yake barazani kila Ijumaa baada ya Alasiri, mtaa mzima usikilize bure. Sahani zake za nyimbo alizipanga mapema, kama mtu anayepanga wageni wa karamu: za Kimisri mwanzo, za Kihindi zifuate, na ya bendi mwisho ili watu waondoke wamechangamka. Lakini alikuwa na kawaida moja iliyotuudhi. Upande wa kwanza wa sahani ulikuwa wetu sisi wanaume wa barazani. Ukimalizika aliigeuza sahani, kisha akaligeuza na lile pembe kubwa la bati litoalo sauti, likatazama juu, kwenye madirisha ya ghorofani walikokaa wake na mabinti wa mtaa. Sisi tukabaki na mabaki.

"Bwana we, mbona watupa kisogo?" nikamwambia siku moja. "Nusu ya muziki yapotea hewani."

Akaendelea kuitia santuri ufunguo. "Kahawa yangu umenyimwa?"

"Sikunyimwa."

"Basi wa juu hata hiyo kahawa hawaipati. Upande wa pili si wako."

Matanga yalipokwisha, tajiri mmoja mwenye shamba Bububu akanituma nikamnunulie ile santuri, aende akaisikilize kwake. Alijua mimi sirudi mikono mitupu. Mjane yumo edani, kwa hiyo tulizungumza pazia kati yetu. Nikamtajia tajiri na bei yake. Nikaipandisha kabla hajaomba, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu nizaliwe.

"Shemeji," akasema, "huyo bwana kazungukwa na nyumba ngapi huko?"

"Yake tu, na minazi."

"Na upande wa pili atausikiliza nani, minazi?" Akaongeza: "Mwambie siuzi. Nikitoka edani itarudi barazani, na wa kuipiga ni wewe. Sisi wa juu tushakubaliana."

"Mimi? Haya, lakini tugawane. Upande wa pili, nusu uje chini."

"Shemeji, hapa si sokoni."

Tajiri aliponiona narudi mikono mitupu aliuliza kama nnaumwa. Nikamwambia huenda.

Ijumaa iliyopita tulikaa barazani kama kawaida, santuri imo ndani imefunikwa kanga. Tulikunywa kahawa. Mimi bado sijalia; nangoja, labda machozi yatakuja. Siku hizi mji wetu unaletewa mambo mapya ya starehe kila meli ikitia nanga, na kila aletaye jambo huulizwa litachukua watu wangapi. Marehemu aliuliza nani hakupata pa kukaa. Miaka yote ile nilikuwa nikiwahesabu waliokaa barazani, mara mbili mbili, nikasema hao ndio wasikilizaji wake. Hesabu haikuwa na kosa. Ila Ijumaa hiyo, saa ile ile ya santuri, nilinyanyua kichwa, nikaona madirisha yote ya juu yako wazi.