Kujieleza kwa Kifaransa

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua mashuka katika kambi ya watalii nje ya Voi. Niliipenda, kwa sababu shuka halimuulizi mtu neno. Lakini kila siku nilitamani kuwaona watu waliolalia mashuka yale, na hao walionekana tu na wahudumu wa mezani.

Msimu huo wageni wengi walikuwa Wafaransa. Nafasi moja ya mezani ilipopatikana, mkuu wa wahudumu, mzee wa Kaloleni aliyejifunza Kifaransa kazini, alisema atamchukua atakayeweza kujieleza kwa lugha hiyo na kutoa maana kwa Kiingereza. Akatugawia karatasi ya sentensi. Mimi niliishia darasa la nane na huandika polepole, kwa hiyo kuinakili kulinichukua jioni mbili. Je m'appelle, my name is. J'habite à Voi, I live in Voi. Je suis grand, I am tall. Je suis timide, I am shy. Hiyo ya kuwa na haya niliishika mara moja.

Iliyonishinda ni je suis travailleur, I am hardworking. Kuisoma niliweza, kuitamka mbele ya watu sikuweza. Kwetu kijijini Ronge ukifika kwa watu unamtaja baba yako, babu yako na upande wa mlima unakotoka, kisha unakaa. Kama wewe ni mchapakazi, mwenyeji atasikia kwa wengine. Nilipomtafsiria bibi mzaa baba sentensi ile, aliuliza kama huko Ufaransa watu hawana majirani.

Siku ya kujaribiwa tulikuwa watatu. Wa kwanza alisema yeye ni mzuri wa sura, ana akili na ni mvumilivu, yote bila kupepesa jicho. Wa pili akaongeza kwamba ni mcheshi. Zamu yangu ilipofika nilitaja jina, umri, Voi, urefu wangu, nikaishia hapo.

"Na tabia yako je, mwanangu?" mkuu akauliza.

"Hiyo waseme wengine, mzee."

Wenzangu wakacheka. Mkuu hakucheka. Aliuliza ni nani huyo wa kunisemea, nikamtaja mama wa dobi, kule tunakofulia, aliyenifundisha kazi. Akaitwa, akaja na povu mikononi, akaulizwa mimi nikoje.

"Huyu ana haya," akasema. "Mchapakazi. Ila mzito wa mikono, shuka moja anapiga pasi utadhani ni la bibi arusi."

"Haya," mkuu akaniambia, "tafsiri."

Sasa hayakuwa maneno yangu, na ulimi ukafunguka. Je suis timide, I am shy. Je suis travailleur, I am hardworking. Je suis lent, I am slow. Hata hiyo ya mwisho sikuiruka.

Mkuu akasema kuna meza za kando ambako wazee wa Kifaransa hula chakula cha mchana kwa saa mbili nzima. Nitaanza na hizo Jumatatu.

Tulirudi kwenye karo la kufulia na mama wa dobi. Tulipofika aliniwekea beseni la mashuka mbele yangu, akasema kama angejua anaitiwa nini, angewaambia mimi ni mvivu.