Kuku Kizimbani

Tangu biashara iwe ruksa, mahakama ya zamani ya hapa Mohoro ni duka. Marobota ya mitumba yamepangwa kwenye jukwaa la hakimu, chini ya matao ya chokaa yaliyojaa popo, na kizimba cha washtakiwa kimezungushiwa wavu, ndani wakawekwa kuku. Tajiri mwenye duka alinunua jengo pamoja na tarishi wa mahakama, ndivyo tunavyotania. Zamani mzee huyo alikuwa akiwaita watu shaurini. Sasa anauza duka, na sisi humwita Tarishi tu; jina lake hatulijui. Bado huvua kofia mlangoni. Hapiti mbele ya jukwaa bila kuyainamia kidogo yale marobota. Mteja akitaka jogoo, humtoa kizimbani kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba amepata dhamana. Mimi nashona barazani, namwona.

Juzi Mwanawetu, jirani yangu, alisahau kikapu dukani. Tarishi akatoka barazani, akanyoosha shingo, akaita kwa sauti ile ya zamani: "Mwanawetu binti Mshamu." Soko zima likageuka. Mwanamke akarudi mbio, ushungi umeteleza.

"Nimeshtakiwa na nani, babu?"

"Kikapu chako, mwanangu."

Akashusha pumzi, akacheka, akaenda zake. Tarishi akabaki amesimama, kofia mkononi. Kisha, akidhani cherehani inanizuia kusikia, akaita tena, kwa sauti ya chini, jina la mwanamume nisilolijua. Hakuna aliyegeuka. Akasubiri kidogo, halafu akajiitikia mwenyewe: "Nipo."