Sahihi ya Wino Mwekundu

Nilikuwa kwenye kamba za kuanikia nguo, nikikunja sweta, nilipomwona kiranja wa bweni letu akija mbio. Hakuwa mtu wa kukimbia.

"Wamepata kitabu," akasema akihema. "Chini ya godoro ya rafiki yako. Ati iko na mambo ya shetani ndani."

Nilikijua kitabu hicho: kilikuwa daftari letu sisi wawili. 

Acha nieleze polepole, kwa maana usipoijua hali ya miaka ile ya tisini huwezi kuona kwa nini msichana wa kidato cha tatu aogope daftari. Uvumi ulikuwa umeenea mlimani kote kwamba waabudu shetani wameingia mashuleni. Kanisani kwetu Kianyaga, kwenye mashamba ya chai, mama zetu walionywa juu ya pete fulani, juu ya vibandiko, na zaidi ya yote juu ya muziki wa gitaa kutoka ng'ambo. Katika shule yetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, msichana mmoja alizirai asubuhi kwenye gwaride, na tangu siku hiyo masanduku yetu ya bati yalifunguliwa kila mara bila taarifa. Tulisikia kwamba shule ya jirani ilimfukuza mwanafunzi, na hakuna shule nyingine iliyokubali kumpokea.

Rafiki yangu alitoka Nanyuki. Baba yake alinunua mbuzi na ng'ombe huko Doldol na kuwauza mjini, na yeye alikuwa mmoja wa Waislamu wanne tu katika shule nzima. Kaka yake alifahamiana na askari Wazungu waliokuja kufanya mazoezi huko, nao walimwachia kaseti mbili, moja nyeupe, moja nyeusi, maandishi yake yamefutika. Majina ya wapigaji gitaa tuliyajua baada ya miaka mingi. Wakati huo walikuwa yule wa nyeupe na yule wa nyeusi, basi.

Jumamosi baada ya kufua tulijificha nyuma ya tangi la maji na redio yake ndogo ya kaseti, kipande kimoja cha sikioni kwake, kingine kwangu. Utepe tuliurudisha nyuma kwa kuuzungusha na kalamu, ili betri zisiishe.

Yule wa nyeupe alikuwa mpole. Alipiga sauti moja, akaiacha ining'inie, kisha akatafuta nyingine kana kwamba alikuwa na siku nzima. Yule wa nyeusi alikuwa moto mtupu. Wote wawili walifanya jambo moja ambalo lilinisumbua mpaka nikalielewa: kidole hubonyeza uzi wa gitaa, kisha huusukuma kando, na uzi unavyozidi kukazwa ndivyo sauti inavyopanda, kama mtoto anayeanza kulia. Si vigumu. Hata wewe unaweza kulifanya, nitakuonyesha hapa mbele.

Tulibishana mfululizo, yeye upande wa nyeupe, mimi wa nyeusi.

"Wako anapiga kelele tu, kama mashine ya majani chai ya kwenu," aliniambia.

"Na wako amelala. Mbuzi za baba yako zikisikia zitasinzia njiani, zisifike soko."

"Wallahi huna masikio. Uko na mashimo tu."

Tulikuwa katika klabu ya midahalo, na huko hoja haikuhesabiwa mpaka iandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Tukaichukua sheria hiyo, tukaipeleka nyuma ya tangi. Daftari letu likajaa hoja na sahihi za mikwaruzo ambazo hakuna mwingine angeweza kuzisoma.

Wiki moja kabla ya msako nilileta hoja ya kummaliza. Ni yeye mwenyewe aliyenisimulia hadithi aliyoisikia kwa kaka yake, kwamba zamani mpigaji gitaa mmoja alikwenda njia panda, akampa shetani roho yake ili apewe vidole. Nikasema yule wa nyeusi bila shaka naye alipitia hapo. Kalamu ya buluu ilikuwa imekauka kwa kuachwa bila kifuniko kila tulipozungushia kaseti, nikachukua nyekundu. Nikaandika: "Alimpa shetani roho, akapewa vidole. Hakuna wa kumshinda."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Umenishinda, mtoto wa majani chai. Leta nisaini." Safari hii akasaini jina lake lote. Kengele ya chakula ikalia kabla sijaweka langu.

Sasa unaona. Wino mwekundu, shetani, roho, na chini yake jina moja tu, la rafiki yangu.

Kiranja aliniambia baba wa rafiki yangu ameshapigiwa simu, yuko njiani kutoka Nanyuki. Rafiki yangu mwenyewe ameambiwa akae langoni na sanduku lake. Ameulizwa ni nani mwingine, na amesema hakuna mwingine.

Kiranja alipoondoka, nilikunja sweta ileile mara tatu. Hakuna aliyenitafuta. Hilo ndilo lililonitisha zaidi kuliko yote: nilichohitaji kufanya ni kunyamaza tu. Akilini nilimwona mama yangu amekaa katika benchi ya kanisa, wanawake wenzake wakisogea mbali naye. Niliona shule zote za mlimani zikinifungia mlango. Kisha nikalifikiria gari la baba wa rafiki yangu likija, na kwamba likishaondoka naye, hata nikisema, nitakuwa naongea na hewa.

Sikumbuki nilivyofika ofisini. Nakumbuka naibu wa mwalimu mkuu mezani, daftari letu, kaseti zote mbili na redio ndogo mbele yake, na Biblia pembeni.

"Madam, mwandiko ni wangu."

"Rudi darasani."

"Madam, nipe karatasi."

Niliiandika tena sentensi ile mbele yake, nazo zilikuwa herufi zilezile. Kisha nikafungua daftari, nikaweka sahihi yangu chini ya ile ya rafiki yangu. Kalamu ilitoboa karatasi.

Alilifunga daftari. "Hiki kinachosema humu ndani," akauliza, akiionyesha kaseti nyeusi bila kuigusa, "ni nani?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba naye anaogopa. Alikuwa ameisikiliza peke yake, na ilikuwa imemtia hofu ileile niliyokuwa nayo mimi.

"Si mtu, Madam. Ni uzi."

Juu ya meza palikuwa na fungu la karatasi lililofungwa kwa mpira. Niliomba ule mpira. Niliuvuta kati ya vidole viwili, nikaupiga: dung. Nikauvuta zaidi, nikaupiga: ding. Nikauvuta taratibu huku ukitetema, nao ukapanda, ukalia. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, tangu mwanzo: kidole, uzi, njia panda ambayo ni hadithi tu, sheria ya midahalo, kalamu iliyokauka.

"Lete," akasema. Akaupiga mwenyewe, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa nguvu. Ulilia.

"Ni mpira tu," akasema.

"Ndiyo, Madam."

Hakutabasamu. Daftari lilitiwa motoni jikoni, chini ya sufuria ya maharagwe, na kaseti zote mbili zikafuata. Sisi tungefyeka nyasi mpaka mwisho wa muhula. "Na kabla baba yake hajafika," akasema, "nenda umrudishe rafiki yako. Nitaongea na baba mimi."

Nilimkuta langoni amekaa juu ya sanduku lake, macho barabarani, mtandio umelowa. Nilimwambia yote. Akanigeukia.

"Umesaini?"

"Nimesaini."

"Chini yangu?"

"Chini yako."

"Basi mimi nafuta yangu," akasema. "Wa nyeupe ndiye mkubwa."

"Wameichoma, wewe. Huwezi kufuta."

"Wallahi nitaandika nyingine. Kwa buluu."

Tulishika sanduku, yeye mshikio huu, mimi ule. Yeye alikuwa akicheka na kulia. Hofu ambayo nilidhani nimeiacha ofisini ilikuwa ndiyo kwanza inanifikia mikononi, na mshikio wa bati uligongagonga njia nzima mpaka bwenini.