Wiki Tatu Bila Kumlilia Magesa

Wapendwa, mnaonijua kule Kibara mnajua nilikuwaga na mdomo. Nikianika dagaa, sauti yangu inamfikia mume wangu Magesa hata mtumbwi haujagusa mchanga. Leo naongea taratibu, mnivumilie.

Magesa alizama. Mtumbwi ulipatikana, yeye hapana. Mama mkwe akatukataza: "Asilie mtu hapa. Mwili haujaonekana. Ukimlilia, unamuua." Nikatii. Kila asubuhi nilikaa ufukweni, macho makavu, naangalia maji. Watu wakanisifu, eti mke jasiri. Jasiri gani? Nilikuwa naogopa tu.

Wiki ya pili usingizi ukanikimbia. Kichwa kikawa kinagonga, kisogo kizito. Nikaanza kusahau. Siku moja nilimwaga dagaa wabichi juu ya wakavu, wakaoza wote. Wiki ya tatu, nikiwa nageuza dagaa, mkono wa kulia ukaanguka wenyewe. Mdomo ukaenda upande, mate yakanitoka, nikajikojolea mbele za watu. Wakasema nimerogwa.

"Mtajadili uchawi baadaye!" dada yangu, aliyekuja toka Musoma kukaa nami, akafoka. Akanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma amenikumbatia nisidondoke, mpaka Bunda. Kutoka hapo nikapelekwa Musoma.

Daktari alisema ni kiharusi. "Presha ulikuwa nayo, hukujua tu. Mawazo na kukosa usingizi vimeipandisha. Ulilala vizuri lini mara ya mwisho?" Nilitaka kumjibu, ulimi ukakataa. Hapo ndipo machozi yalipotoka. Nililia mpaka nesi akavuta pazia.

Miezi ya mazoezi nilikaa kwa dada, Kamunyonge, hukohuko Musoma, najifunza upya kushika kijiko. Neno la kwanza kutoka likiwa zima lilikuwa "Magesa". Mpaka leo mkono ni mzito, na majina ya watu yananipotea. Lakini nimesimama mbele yenu. Namshukuru Mungu, namshukuru na dada yangu kwa ukali wake.

Pimeni presha, jamani. Dawa msiache eti kwa sababu mnajisikia vizuri. Na mwenye uchungu msimsifu kwa kunyamaza.

Juzi nilimpeleka mama mkwe kupima. Yake nayo iko juu. Tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa, akaushika huu mkono wangu mzito, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mimi naruhusiwa sasa?"

"Lia, mama," nikamwambia.

Tukamlilia Magesa wote wawili, palepale kwenye foleni.