Maganda Yasiyopimwa

Emérithe hakuwahi kufyatua bunduki maishani mwake, wala hakutamani. Lakini kule Norsborg, Sweden, treni nyekundu ya jiji inakoishia, hakukuwa na mwanamke aliyejua urefu wa ganda la risasi kama yeye. Mumewe, Térence, alikuwa fundi chuma katika kiwanda kimoja cha Södertälje, mtu ambaye hata ugali aliukata kwa kisu ili vipande vilingane. Wanawake wa kanisani walimtania: "Mama Kelly, mlikimbia bunduki Burundi, mkaja kuzifuata huku?" Jibu alikuwa nalo Térence. Zile zilizomkimbiza, alisema, hazikuwa na sheria; hii yake ina leseni, kabati la chuma na msimu. Msimu ukifika aliingia msituni na wenzake kumsaka älg, mnyama wa huku anayemzidi ng'ombe kimo, na nyama ikajaa friza mpaka Pasaka.

Risasi alijitengenezea mwenyewe. Tangu maganda ya saizi yake yaadimike madukani, alikuwa akiokota yale ya bunduki za tundu dogo yaliyoachwa na wengine kwenye uwanja wa shabaha, anayageuza yawe ya saizi yake. Alifunga mashine yake ya mkono kwenye meza ya jikoni, akasukuma ganda ndani ya kalibu, mdomo ukapanuka.

"Shaba haipotei, Mama Kelly," alimfundisha walipoanza. "Ukiupanua mdomo, ganda linafupika. Ukiubana, linarefuka."

Tatizo ni kwamba haya ya kuokota yalizaliwa marefu. Hata baada ya kufupika yalibaki yamezidi karibu milimita nzima. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaona limefupika, wanaridhika. Ganda la namna hiyo likiingia kwenye bunduki, shingo yake inabanwa, risasi inakataa kutoka, na nguvu ya baruti inaweza kumrudia mpigaji usoni. Kwa hiyo lazima yakatwe, kisha yapimwe. Kukata ilikuwa kazi ya Térence; kupima, kwa kile kipimo cha chuma kiitwacho kalipa, ya Emérithe. Yeye akisema "sawa", Térence alilijaza baruti bila kulitazama tena. Kama kuna ndoa iliyonyooka kuliko hiyo, Norsborg haijaonekana.

Mwaka mmoja, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Térence alimsogezea trei nzima akasema, "Tayari, pima." Emérithe akapima la kwanza, limezidi. La pili, limezidi. Yote. Mumewe hakuwa amekata hata moja, na alikuwa ameketi pale akimngoja kwa uso mkunjufu kabisa.

Angekuwa mtu mwingine angedhani ni uchovu. Emérithe alihudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huko Fittja, na dalili hizi alizijua zilivyo. Wake za watu alikuwa akiwaambia, tena kwa ukali, "Mpeleke kwa daktari mapema, dada, usingoje." Kwa wa kwake ulimi ukawa mzito. Daktari wa huku akiona akili ya mwenye bunduki inayumba, sheria inamtaka awaarifu polisi, na bunduki zinaondoka. Na Térence bila msitu ni nani? Basi mumewe alipoenda sebuleni kutazama habari, akakaa mbele ya kile kikataji kidogo cha kuzungusha kwa mkono, akayakata yote yeye mwenyewe. Mume aliporudi, akamwambia, "Sawa."

Ikawa hivyo msimu mzima wa joto. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunaambiwa. Anayeficha ya mwenzake kwa kumpenda, wahenga hawakumwekea methali, amejitafutia mwenyewe.

Oktoba, siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa, Emérithe aliitwa kazini kuziba nafasi ya mwenzake aliyeugua. Jioni alimkuta Térence jikoni, mwiko mkononi, anaimba.

"Anton amepita kuchukua boksi lake la risasi," alisema. Anton alikuwa mwenzake wa kiwandani na wa msituni, aliyezaliwa hapa hapa Sweden kwa mama wa Bukoba. Bunduki zao zilikuwa za saizi moja.

"Nani amepima?"

"Si wewe?" Na hakuwa akitania.

Emérithe akatazama chini ya kikataji. Alikuwa amepafuta mara ya mwisho alipokata mwenyewe, na tangu hapo hapakuwa hata na chembe ya unga wa shaba. Maganda hayakukatwa. Na Anton, kama kila mwaka, angepitia uwanja wa shabaha kulenga bunduki kabla ya kwenda nyumbani. Akinyamaza, uso wa mtoto wa watu uko hatarini. Akisema, amemmaliza mumewe. Koti lilikuwa bado mwilini alipopiga simu kule ukumbini.

"Anton, mwanangu, usipige hizo risasi. Hata moja."

"Shikamoo mama. Kuna nini? Ndo' nashuka kwenye gari."

"Hazijakatwa."

"Aa, mama, mzee hawezi kukosea."

"Anakosea! Tangu Pasaka anakosea. Mimi ndiye nimekuwa nikizikata."

Alipogeuka, Térence alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko wake.

Anton alizirudisha mwenyewe. Akang'oa kichwa cha risasi moja, akamwaga baruti, na Térence akalichukua ganda akalipima. Akalifuta, akalipima tena. Kisha akaiweka kalipa mezani taratibu.

"Tangu Pasaka," alisema.

"Niliogopa watakunyang'anya msitu, Baba Kelly."

"Pasaka nilikuwa bado na akili ya kuambiwa. Ungeniambia, ningeenda kuwaaga wenzangu mwenyewe. Ningewapa mkono. Ningeitazama ile miti nikijua ndiyo mwisho." Akamsogezea mkewe lile ganda. "Wewe uliniambia sawa. Mama Kelly, mimi niliamini."

Emérithe alilia mbele ya Anton bila kujificha. Kila alilosema mumewe lilikuwa kweli.

Daktari alifanya kazi yake, polisi wakafanya yao. Kabati la chuma likabaki na nguo za baridi. Kufikia majira ya baridi mengi yalikuwa yamemtoka Térence: njia ya kwenda stesheni, jina la Anton, hata kijiji alichozaliwa. Moja tu halikumtoka. Emérithe akisema chai imepoa, anachovya kidole kwanza. Akisema mlango umefungwa, anainuka kwenda kuutikisa. Vidonge anavigeuzageuza kiganjani, akimtazama mkewe usoni, mpaka chozi linamlenga mama wa watu.

Jana binti yao alipiga simu kutoka kazini. Térence akaomba simu, akaiziba kwa mkono kama mtu mwenye siri, lakini sauti yake haijui tena kunong'ona.

"Kelly," aliuliza, "mama yako ananiambia leo ni Jumatano. Ni kweli?"

"Ja, pappa," Kelly alimthibitishia kwa Kiswidi, kama kawaida yake. "Onsdag."

"Haya," alisema Térence. "Ikiwa wewe umesema."