Vipimo vya Mama

Shangazi Pini alipata jina hilo kwa kushona huku pini ziko mdomoni, na bado akaongea kuliko mteja. Kwa miaka ishirini na miwili alishonea nguo sanamu ya mungu wa kike wa hekalu la Wahindu, yule ambaye jamii yao yote ughaibuni humwita Mama. Hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo.

Leo mwenyekiti wa hekalu alikuja kumtishia kumnyang'anya kazi hiyo. Aliingia na viatu vyake, akakanyaga vitambaa vilivyotandazwa sakafuni, akamwonyesha simu. Kiooni kulikuwa na uso wa Pini mwenyewe, akiwaambia wanawake mubashara kwamba hata aliye katika siku zake anaweza kuwasha taa na kusali.

"Shangazi, hapa una wasikilizaji elfu sita. Kuhani wetu hekaluni ana arobaini. Haipendezi."

"Haimpendezi nani?"

"Kamati. Futa huo ukurasa. La sivyo, nguo za Mama atashona mwingine."

Pini alizitema pini mkononi. Maandiko alifundishwa na baba yake, neno kwa neno, na kuyajua kuliko kamati nzima. Wanaume tisa wa kamati wanamsujudia mwanamke kila asubuhi, wakitoka hapo wanazunguka mji kuwanyamazisha wanawake! Mikono ya Pini ilikuwa safi kumpima Mama kiuno, ila mdomo ndio najisi. Wana uso gani hawa?

"Na huyo mwingine atashona kwa vipimo gani?" aliuliza.

Mwenyekiti alikohoa. "Utatuandikia."

"Niwaandikie ninyi? Thubutu!"

Akaegemeza simu yake kwenye cherehani, akaingia mubashara.

"Akina mama, mniwie radhi, leo si siku yetu ya kukutana. Ukurasa huu sifuti. Kwa hiyo kamati imeniachisha kazi ya kumshonea Mama. Shikeni kalamu, niwafundishe ninyi. Akitafutwa fundi, wawakute elfu sita, na kila mmoja ana mdomo."

Alianza na kiuno, akaenda kifua. Alipofika bega sauti ilikatika, kwa maana bega la Mama alilijua kuliko la marehemu mumewe. Alijifuta kwa kanda ya kupimia, akaendelea. Alikuwa na hasira mno hata hakuweza kulia vizuri.

Mwenyekiti alinyoosha mkono kuizima simu. Ujumbe wa kwanza ukatokea kiooni, na aliyeuandika alikuwa mke wake.

"Shangazi, rudia bega. Sijamaliza kuandika."