Matone ya Baba

Nilikunywa dawa ya mawe ya figo ya baba, chupa nzima, kwa sababu ilinuka kama pombe. Leo spiriti ya maabara ya shule imenikumbusha. Nilikuwa darasa la tatu, mjinga namba moja. Chupa nilijaza maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo daktari alimkataza baba. Baba alikuwa amekataa kupasuliwa, akashikilia matone ya homeopathi, dawa iliyozimuliwa hadi karibu kuwa maji matupu. Jioni hiyo alihesabu matone kumi ya maji yangu, akalamba midomo. "Sasa hii imekolea!"

Siku ya nne alikuwa sakafuni akiuma blanketi, mkojo wake mwekundu.

Nilimfuata mama jikoni, nikaungama nikilia. Hakugeuka.

"Usimwambie babako, hana tumaini lingine. Ukijaza tena, jaza ya mvua."